Duara la Tisa

Garrowgill, 2 Oktoba 1983

Mdogo wangu Enid,

Habari za huko pwani? Huku mvua imeshika wiki ya pili, na paa la banda la shabaha linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kiti cha katibu. Tamar Teasdale ameweka ndoo, anaandika kumbukumbu za klabu akiwa amevaa koti la mvua. Usimcheke, ndiye katibu pekee tuliye naye.

Kadi yangu ya raundi ya kwanza iko humu ndani ya bahasha. Kaa kitako kabla hujaitazama. Tisini na moja kwa mia. Najua, najua. Miaka ishirini na sita tunacheza ligi ya posta ya wawili wawili, wewe unapiga kwenu, mimi napiga kwetu, kadi zinasafiri badala yetu, na sijawahi kukuletea aibu kama hii. Wewe utapiga tisini na tisa yako kama kawaida, mwamuzi atajumlisha na hii yangu, na Krismasi haitafika kabla hatujashushwa daraja.

Mimi nasema ni bunduki. Ile ya Baba imechoka, Enid. Umri wake karibu sawa na wako, ukubali usikubali. Nalenga katikati, nafyatua bila kutikisika, Tamar anachungulia kwa darubini ananiambia, "Saba, juu." Saba! Wewe uliyekaa miaka thelathini kwenye karakana ya bunduki na marehemu mumeo, niambie: niitengeneze hii au nitafute nyingine? Na kama ni nyingine, ipi?

Usiache kunijibu kwa hasira ya kadi mbaya. Barua zako huja kadi zikiwepo tu. Silalamiki, nasema tu.

Kaka yako,
Ridley


Thornsea, 9 Oktoba 1983

Kaka Ridley,

Nimekaa kitako kama ulivyoagiza, na bado nusura nianguke.

Tusiilaumu bunduki kabla ya kuipima. Kadi yako nimeilaza mezani, nimeitazama kwa kioo cha kukuzia tangu chai ya asubuhi hadi ya saa kumi. Matundu yametawanyika juu na chini kuliko kushoto na kulia. Mkono wako hautawanyi hivyo. Kosa lako nalijua tangu tukiwa watoto: katika maduara kumi ya kadi, risasi moja kila duara, unapiga manane safi, ukifika la tisa unanusa mwisho, unaharakisha, risasi inavutika kulia. Baba alikuwa akikuzaba kofi la kisogo kwa hilo. Safari hii hata la tisa umelitupa juu. Kwa hiyo si wewe. Kadi hazidanganyi.

Anza hivi. Safisha mtutu mpaka kitambaa kitoke cheupe, hasa pale mwanzoni ambapo risasi zikipita huacha pete ya masalia ya madini yake. Kaza skrubu za kitako cha bunduki, zote, kwa mkono mmoja na kwa nguvu ileile. Halafu nunua matoleo manne tofauti ya risasi. Hizi ndogo za kipimo cha ishirini na mbili baruti yake huwashwa ukingoni mwa ganda, na kila toleo lina tabia yake. Linalopendwa na bunduki yangu laweza kukataliwa na yako. Piga kumi kumi, uniletee vibao vyote vya shabaha.

Kabla sijasahau: macho. Una miaka sitini na sita. Umepimwa lini? Nijibu hilo, usiniletee porojo.

Na barua huja na kadi kwa sababu ndivyo tulivyo, wewe na mimi, tangu Mama azikwe. Sitaki kulifungua hilo tena.

Enid


Garrowgill, 23 Oktoba 1983

Profesa wangu,

Nimesafisha mtutu mpaka kitambaa kimetoka cheupe kuliko shuka la padri. Nimekaza skrubu. Nimepiga matoleo manne, Tamar ameandika namba nyuma ya kila kibao. Vyote ni ovyo, utajionea. Kadi ya raundi ya pili nayo ni themanini na nane, nisikufiche.

Macho yangu? Nilikwenda mjini mwezi wa nane. Daktari aliniangalia kwa taa yake mpaka nikaona haya, na mwisho hata miwani mpya hakuniandikia. Umeridhika?

Ila ile pete ya mbele ya kulengea naiona ndogo mno siku hizi. Nikilizungushia duara jeusi, duara linajibanza. Na taa za bandani zimefifia. Nimemwambia Tamar abadilishe balbu, kabadilisha zote, anasema mwanga ni mwingi hata kuku wangetaga. Mimi sioni tofauti. Niambie la kufanya na nitalifanya. Sitaki kuwa sababu ya sisi wawili kuvunjika.

Ridley


Thornsea, 30 Oktoba 1983

Kaka,

Haya, macho tumeyaweka pembeni, na themanini na nane imebaki palepale. Pete kubwa zaidi nimekutumia, lakini haitakuokoa. Nimevitazama vibao vya Tamar. Bunduki imekwisha.

Sentensi hiyo nimeiandika nikaikata mara tatu. Hata mimi nilijifunzia ile bunduki, nikiwa nimelalia gunia la viazi ili niifikie. Lakini mtutu uliolika umelika. Iuze kwa mtu atakayeitunza.

Sasa nisikilize vizuri, maana najua ukiona mbao inayong'aa unarubunika. Tafuta iliyotumika, ya Kijerumani, ya bolti ya kuvuta kwa mkono, yenye mtutu mzito, ya mtu anayeacha mchezo kwa uzee na si kwa kuchoshwa na bunduki yenyewe. Rangi usiitazame. Mwombe uipige palepale kwake, imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, matoleo matano, mkono wako usihusike. Traiga, kile kifyatulio, ikatike kama kijiti kikavu, isiburute. Kitako kiwe cha kurekebishika, urefu na mahali pa shavu. Mtutu ukiwa mzuri, mengine yote nitakutengenezea mimi hapa mezani kwangu. Mtutu ukiwa mbovu, iache hata akikupa bure na mkate juu.

Na mbona siku hizi unaandika herufi kubwa hivi, mistari inateremka kama inakimbizwa na mbwa? Nunua kalamu.

Enid


Garrowgill, 20 Novemba 1983

Enid,

Kalamu nimenunua. Nene, kama unavyoona.

Bunduki imepatikana. Ni ya mzee mmoja wa bonde la pili, magoti yamemkatalia kulala chini. Tamar alinipeleka kwa gari lake, akaipiga yeye juu ya mifuko ya mchanga, ili mkono wangu usihusike kama ulivyosema. Toleo la tatu, risasi kumi zote zilipita tundu moja. Ungeliziba kwa punje ya njegere. Mzee yule alikuwa akiishikashika kama mtu anayemuaga mtoto anayekwenda jeshini, nikaona haya kuichukua.

Ya Baba ameinunua Tamar mwenyewe. Askari alikuja kukagua kabati lake la bunduki, akanywa chai vikombe viwili, akasaini cheti cha kumiliki. Nilimkabidhi Tamar pale jikoni kwake, nikasahau kuuvua ule mkanda alioushona Baba. Niliukumbuka nilipofika nyumbani. Nikaona basi, uende na mwenzake. Nilikaa kwenye kiti mpaka jioni sina hamu ya kuwasha moto, Enid, sikufichi. Nilijiona nimemtoa Baba nyumbani.

Kadi ni themanini na nne. Mimi na hii mpya bado hatujazoeana.

Ridley


Thornsea, 27 Novemba 1983

Themanini na nne! Kwa bunduki inayopitisha kumi tundu moja! Kaka, hapana. Kuna kitu hakijakaa sawa: ama shavu lako halifiki pale linapotakiwa, ama kitako ni kirefu, ama traiga imelegezwa na mtu. Mambo haya hayatengenezwi kwa barua. Mtu lazima akuone umelala chini unalenga, akuguse bega, akusogeze kiwiko.

Kwa hiyo nimeamua. Nakuja Krismasi.

Najua unachokifikiria. Sijakanyaga Garrowgill tangu mwaka 1964, nilipofika na maua mkononi nikakuta kaburi la Mama limefunikwa siku mbili nzima. Wiki sita alikuwa kitandani. Wiki sita, Ridley, na kila barua yako ilisema "Mama anakusalimu". Uliona usinisumbue. Mimi sijalisamehe hilo na sitajifanya nimelisamehe. Lakini bunduki ni bunduki. Nitakuja kuitazama, nitalala siku mbili, nitaondoka.

Enid


Garrowgill, 4 Desemba 1983

Enid, usije.

Theluji imefunga barabara ya juu, bomba la moshi la chumba cha wageni limeziba, na kuta zina unyevu, utakohoa mpaka Pasaka. Njoo majira ya joto.

Na hata hivyo hakuna haja tena. Tazama kadi iliyomo humu. Nimepandisha shavu la kitako kwa vipande vya zulia kuukuu, na mambo yamenyooka.

Ridley


Thornsea, 11 Desemba 1983

Kaka yangu,

TISINI NA NANE. Nimecheka peke yangu jikoni, paka akakimbia.

Unaona? Ilikuwa bunduki! Nilijua. Nilianza kukuwazia mabaya, nikajisemea huyu mzee anazeeka, kumbe mzee ni mtutu. Humu nimeweka kipande cha shavu nilichokichonga kwa mti wa mlozi, ondoa hayo mazulia yako unitoe aibu. Kifunge kwa skrubu mbili, usikipake gundi.

Basi sitakuja. Nitakuja wakati wa joto, labda. Krismasi njema. Nimefurahi kuliko inavyostahili mwanamke wa miaka sitini na moja kufurahia kipande cha karatasi.

Enid


Thornsea, 22 Januari 1984

Ridley,

Leo nimezipanga kadi zako tatu mezani: tisini na nane, tisini na saba, tisini na tisa. Nilitaka kuona kama shavu nililokuchongea limesaidia. Nikaona kingine.

Unakumbuka Baba alivyokuwa akitugawia risasi? Mbili za kupimia, kumi za kadi, basi. Alikuwa mvunja mawe wa kima cha chini, na risasi ilikuwa mkate. Katikati ya kila kadi kuna yale maduara mawili ya majaribio, mtu hupiga atakavyo kabla ya kuanza. Wewe na mimi, maisha yetu yote, tunatoboa matundu mawili. Hata siku za neema, mawili. Kwenye kadi hizi tatu kuna matano, sita, na matano.

Nikaenda duara la tisa. Kumi, kumi, kumi. Katikati kabisa, zote tatu.

Mtu anaweza kubadili bunduki akiwa na miaka sitini na sita. Hawezi kuwa mtu mwingine. Kadi hizi si zako.

Nani amezipiga sijui, ila sahihi ya shahidi ni T. Teasdale, na yeye amesaini uongo. Ligi hii nzima inasimama juu ya kuaminiana, Ridley. Hakuna anayemwona mwenzake. Watu mia mbili wamelala chini na bunduki kwenye mabanda yao nchi nzima, kila mmoja anaamini kwamba mwingine hadanganyi. Nahodha wetu ni mimi. Nimemwandikia mwamuzi leo, nimemwambia ukweli, na nimetutoa. Miaka ishirini na sita. Nimeona aibu mpaka bahasha imenishinda kubandika.

Yote haya kwa sababu ya nini? Kwa kuogopa kushushwa daraja?

Usiniletee kadi nyingine.

Enid


Garrowgill, 19 Februari 1984

Bi Enid,

Hunijui ila kwa sahihi, na sahihi yenyewe sasa haina thamani. Mwamuzi ameniandikia: nisiwe shahidi wa mtu yeyote kwa miaka miwili. Nimestahili. Ukatibu nimeuacha mwenyewe. Kadi zile tatu nilizipiga mimi.

Ridley hajui kwamba nakuandikia. Amenikataza, na mimi nimechoka kukatazwa.

Kaka yako haoni. Yule daktari wa mwezi wa nane hakumwandikia miwani mpya kwa sababu hakuna miwani itakayomsaidia. Ni katikati ya jicho ndipo palipokufa, la kulia kwanza na sasa la kushoto. Pembeni anaona bado, anajua mimi nimeingia mlangoni, anajua kuna kikombe mezani. Lakini akikitazama kikombe chenyewe, kinatoweka. Barua alizokuandikia aliziandika kwa kuweka rula chini ya mstari na kupapasa. Barua zako mimi ndiye ninayemsomea, dukani kwangu, asubuhi nikishafunga mikate ya watu.

Nilimwambia tangu Oktoba, "Mwambie dada yako." Alisema, "Tamar, Enid hunitumia barua kwa ajili ya kadi. Kadi zikiisha, Enid ameisha." Ulipoandika kwamba unakuja Krismasi, alifurahi na akaogopa, vyote pamoja, na woga ndio uliotangulia. Nilimkuta bandani amelala kwenye mkeka na ile bunduki mpya, kadi nyeupe mbele yake, hajapiga hata moja. Akaniambia, "Piga wewe. Mara moja tu, asije akaniona hivi." Ilinipasa niseme hapana. Sikuweza. Ikawa mara tatu.

Ile barua yako ya Januari nilimsomea kama nilivyomsomea zote. Nilitaka kuruka mistari, akajua, akaniambia nisome kila neno. Kisha akaniomba niisome tena. Tangu siku ile hajaja bandani wala dukani. Nampelekea mkate mlangoni, nakuta wa jana bado upo.

Sikuandikii ili unihurumie. Ila wewe ndiye dada yake, na safari hii usije ukaambiwa "anakusalimu".

Tamar Teasdale


Thornsea, 26 Februari 1984

(Tamar, msomee barua hii yote. Usiruke kitu.)

Ridley,

Mjinga wewe. Mjinga mkubwa, mzee mjinga, na Mungu anisamehe maana nakuandikia huku nalia na wino unaenda ovyo.

Ulinifanyia hivi kwa Mama, ukanifanyia tena kwako mwenyewe. Nani alikuambia mimi nimeumbwa kwa habari njema tu? Ningekuja Agosti. Ningeketi nawe kwa yule daktari. Badala yake nimekaa hapa na kioo changu cha kukuzia, mtaalamu mkubwa, nikipima matundu kwenye karatasi, na mtu aliyeyatoboa anapofuka mbele ya pua yangu. Nilikuuliza mara moja, ukanipa jibu la mkato, nikaliamini kwa sababu nilitaka kosa liwe kwenye chuma. Chuma nakijua. Chuma natengeneza.

Nilikuambia uuze bunduki ya Baba. Haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nzima, na mimi nikaihukumu. Hilo sijui nitalitua wapi.

Nimelisoma mara nyingi lile neno lako, kwamba kadi zikiisha Enid ameisha. Nilitaka kukasirika. Nikaenda kwenye droo nikatoa barua zangu za miaka kumi na tisa, maana mimi huweka nakala, unanijua. Hakuna hata moja iliyotoka bila kadi. Hata mume wangu alipokufa, nilikupa habari chini ya alama za raundi ya nne. Basi umenijua vizuri kuliko nilivyojijua.

Kwa mwamuzi sikukosea. Uongo ni uongo, na ningeandika tena. Ila nilikuandikia wewe kana kwamba ulitaka kikombe cha ushindi.

Nakuomba kitu kimoja. Nitumie kadi. Yako, kwa mkono wako, hata ikiwa nyeupe tupu. Haihesabiwi na yeyote. Naitaka mimi.

Dada yako,
Enid


Garrowgill, 11 Machi 1984

Enid,

Anayeandika ni Tamar, maneno ni yangu. Ananiambia nisitukane, yeye ni mtu wa kanisani.

Barua yako nilisomewa tukiwa jikoni kwangu. Tulipofika pale ulipoitaja bunduki ya Baba, Tamar alisimama akatoka. Nikadhani amekerwa. Akarudi na ile bunduki, na mkanda juu yake, akaiweka mapajani mwangu. Niliijua kwa harufu kabla ya kuigusa.

Jana tulikwenda bandani, sisi wawili tu. Alilala kando yangu, mkono wake juu ya mtutu, usielekee nje ya ukuta wa mchanga ulio nyuma ya shabaha. Nikitazama duara lenyewe halipo, kuna moshi tu. Nikitazama pembeni linajitokeza kidogo kisha linakimbia. Kwa hiyo nililenga pale nilipokumbuka kwamba huwa lipo. Nilipiga mbili za kupimia, kumi za kadi. Sikuuliza zimekwenda wapi, na yeye hakusema. Ilinichukua saa nzima. Nilitoka jasho kama siku za machimboni.

Sitapiga tena, Enid. Cheti nitakirudisha polisi wiki hii. Bunduki ya Kijerumani Tamar atamtafutia mtu. Nimesema hivyo kwa sauti mara moja, sitaki kulirudia.

Ninaogopa sana. Hilo nalo nimemwambia aandike.

Kadi iko humu. Shahidi ni T. Teasdale. Anasema sahihi yake haifai kwenye ligi yoyote nchi hii, lakini safari hii ni ya kweli.

Ridley


Thornsea, 15 Machi 1984

Kaka yangu,

Kadi imefika asubuhi. Nimeihesabu kama ninavyohesabu zote, kwa kipimo na kioo, na nimeandika alama nyuma kwa wino.

Duara la pili, sita. Duara la sita, tano. Saba zimekwenda kwenye weupe au nje ya kadi kabisa, mojawapo imekata jina la klabu katikati. Katikati ya kadi nimeyatafuta matundu ya kupimia, nimeyapata mawili, moja liko karibu na pembe. Mawili tu.

Jumla ni kumi na nane kwa mia. Ndiyo kadi mbaya kuliko zote nilizowahi kushika, na nimeshika nyingi.

Treni yangu inafika Alhamisi ijayo saa tisa mchana. Mwambie Tamar aje na gari, na kile chumba chenye unyevu akiwashe moto. Sijaweka siku ya kurudi.

Zimebaki alama saba sijakutajia, ni za duara la tisa. Umelipata, Ridley. Pembeni, upande wa kulia. Umeharakisha.

Enid